Nafsineni

Mwalimu Kitundu alisema: soma mara tatu
kabla hujagusa kalamu.
Ya kwanza kwa masikio,
ya pili kwa kidole,
ya tatu kama mtu anayetafuta sarafu iliyoangukia uvunguni.
Kisha andika. Dakika arobaini.
Na usiniletee machozi yako,
mtahini hana kisanduku cha kuyapa alama.

Basi usiku huu wa Mei, Mbagala Kizuiani,
nimeishusha cherehani ya mama sakafuni, nimepata meza.
Saa yangu ni LUKU:
uniti moja nukta mbili kwa nyumba nzima,
na mpangaji wa chumba cha uani anapiga pasi
shati moja nusu saa, kana kwamba kesho anaoa.
Kila nukta ikipungua nafuta sentensi.

Shairi nimelichomoa kwenye karatasi za mazoezi,
halina jina, halina mtunzi:

    *Mlango haujashikwa, komeo li mkononi,*
    *Sahani imefunikwa, ubaridi u chanoni,*
    *Jina halijatamkwa, laniwasha ulimini,*
    *Mgeni hajaalikwa, na kiti chake mezani.*

Naanza. Ubeti mmoja, mishororo minne, tarbia.
Vina vya kati *kwa*, vya mwisho *ni*.
Mizani nane kwa nane, nimezihesabu kwa vifundo vya vidole
kama mama anavyohesabu vifungo vya sare
kabla hajazipeleka kwa tajiri.
Hiyo ni nguo tu, alionya Kitundu. Sema aliyeivaa.

Komeo li mkononi na mlango haujashikwa: inawezekanaje?
Nilidhani kosa la chapa.
Nikarudia kwa kidole. Kumbe komeo liling'olewa zamani,
mtu asipate cha kufungia.
Naandika *sitiari*. Nafuta. Naandika *taswira*.
LUKU inaanza kulia, pi, pi,
kifaranga kilichopotezana na mama yake.

*Sahani imefunikwa.*
Hapa kalamu inasimama.

Pembeni, juu ya ndoo ya maji, kuna sahani.
Kila usiku ipo. Wali, kisamvu kidogo, kawa juu.
Ni ya Shomvi, kaka yangu,
aliyeaga kwamba anakwenda Kariakoo kufuata zipu,
Machi ya mwaka juzi.
Asubuhi mama anakila kile chakula yeye, kimepoa,
anakila wima.
Hatujawahi kulitaja hilo jina mezani,
wala meza hatuna, ni hii ya cherehani.

Usiniletee machozi yako.
Kanuni: uhakiki hauna mimi. Kuna nafsineni,
yule asemaye ndani ya shairi,
hana mama, hana Mbagala, hana ndoo.
Basi nampa kazi:

*Nafsineni anasubiri bila kukiri kwamba anasubiri.*
*Kiambishi -ja- katika "haujashikwa", "halijatamkwa", "hajaalikwa"*
*kinayaacha mambo nje ya kizingiti:*
*hayajatokea, lakini hayajakataa kutokea.*

Naisoma tena. Imenyooka kama pindo.
Nimo humo kwa urefu wangu wote
na mtahini hataniona.

Taa inakata roho. Shati la jirani limebaki na mkono mmoja, bila shaka;
nasikia anavyolaani.
"Hujalala?" mama anauliza gizani.
"Sijalala," namjibu,
na kiambishi kinanigonga meno.

Zimebaki dakika tisa, labda kumi.
Kesho kutwa kutakuwa na msimamizi, na kengele,
na shairi jingine, la kobe au la kodi,
lisilojua lolote kuhusu sisi.
Nitalisoma mara tatu.

Hitimisho bado. Naipapasa kalamu mezani.
Nyuma yangu mama anaipapasa kawa,
anahakikisha haijasogea.